Dokta wa Meno Anajibu: Msikimbilie Koleo

Shikamoo dokta. Nina pengo la magego mawili chini. Jino la mbele yake ni zima. Nimeambiwa nitawekewa kipandikizi (mzizi wa bandia unaopandwa tayani) nyuma, kisha daraja, yaani meno ya bandia yaliyoungana kuziba pengo, lishikwe na jino hilo pamoja na kipandikizi. Ni sawa? (Ngamiani)

Marahaba. Yawezekana, ila si chaguo la kwanza. Jino la asili limeshikwa na nyuzi laini ndani ya taya, kwa hiyo ukiuma linabonyea kidogo. Kipandikizi cha titani, aina ya chuma, kimeshikamana na mfupa wenyewe, karibu hakibonyei kabisa. Ukiwafunga wawili hawa pamoja, mzigo hulemea kipandikizi, na skurubu hulegea. Muulize daktari wako kwa nini daraja lisibebwe na vipandikizi viwili, jino lako likaachwa kama lilivyo bila kuchongwa. Akisema mfupa hautoshi, hoja hiyo ni ya haki. Hapo sisitiza daraja liwe fupi na la kipande kimoja kigumu. Yale yenye kiungo cha kuteleza katikati yamewahi kuleta balaa: jino huzama taratibu tayani, likaachana na daraja.

Daraja la namna hiyo ligandishwe kwa gundi ya muda, ili litoke kirahisi? (Pongwe)

Upande wa jino, hapana. Gundi ikiyeyuka mate hupenya, na jino huoza chini ya taji, yaani kofia ya daraja inayolifunika, bila wewe kuhisi.

Bibi amebakiwa na meno mawili ya chini. Tuyang'oe avae seti nzima? (Pangani)

Kila wiki swali hili, na kila wiki nalia. Jino likitoka, mfupa uliolishika huanza kuisha, na seti ya chini huogelea mdomoni hadi mtu anashindwa kutafuna muhogo. Mizizi ikiwa imara, meno hukatwa usawa wa fizi, mizizi hutibiwa, na meno ya kuvaa hukaa juu yake. Akiongezewa kipandikizi kimoja au viwili, ni heri. Hapa jino na kipandikizi hupatana vizuri, maana seti huvuliwa na kusafishwa kila usiku. Mpelekeni bibi akapimwe kabla hamjamkabidhi kwa mwenye koleo.

Kipandikizi bei gani?

Jino lipi? Umri? Eksirei iko wapi? Sitaji bei ya kinywa nisichokiona.

Navuta sigara na nina kisukari. Nitafaa? (Chumbageni)

Sukari ishuke kwanza, na sigara uache, si kupunguza. Mfupa huchukua miezi mitatu hadi sita kushikana na titani, na moshi huuharibia kazi. Tambuu yenye tumbaku nayo iweke kando.