Maswali ya Wasomaji: Bloku ya Shaba ya Kupoza Prosesa

SWALI: Nina kipande cha shaba nyekundu chenye unene wa milimita 12, nilichokinunua kwa wauza vyuma chakavu Gikomba, nami nakusudia kukitoboa matundu ya milimita 6 yatakayopitisha maji ya kupoza prosesa ya kompyuta yangu. Nimepata pia rejeta ndogo ya hita ya gari, ya alumini, katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga. Je, mpango huu unafaa?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Shaba umeichagua vyema, matundu ndiyo yanayonitia shaka. Prosesa inayotoa joto la wati 100, ikipozwa kwa maji yanayopita lita 1 kwa dakika, huyaongezea maji hayo nyuzi 1.4 tu za Selsiasi. Kwa hiyo maji yenyewe hayalemewi. Kikwazo kiko pale joto linapotoka kwenye shaba kuingia majini, na dawa yake ni kuongeza eneo la shaba linaloguswa na maji, tena karibu kabisa na prosesa, ilhali nusu ya ukuta wa kila tundu lako itakuwa imeelekea juu, mbali na chanzo cha joto.

Mtafute fundi mwenye mashine akuchongee mifereji yenye upana wa milimita 1 na kina cha milimita 5, akibakiza kuta za milimita 1 baina yake na sakafu ya milimita 3 hivi. Sehemu hiyo itakuwa na eneo zaidi ya mara 5 ya uso bapa. Mifereji myembamba kuliko hiyo hupoza vizuri zaidi, ila huielemea pampu na huziba upesi kwa uchafu. Maji yaingilie katikati, juu ya prosesa, kisha yatokee pande mbili. Uso wa chini usugue kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, namba 400 kisha 1000, mpaka ukiuwekea rula usione mwanga ukipenya.

Rejeta hiyo irudishe. Alumini na shaba zikichangia maji yale yale, alumini huliwa polepole hata maji yakiwa yamekenekwa. Hita za magari ya zamani, zilizoundwa kwa shaba, bado hupatikana ukiulizia.

Kabla ya kuifunga bloku kwenye kompyuta, endesha pampu peke yake kwa saa 24, huku umezungushia karatasi ya shashi kila kiungio, kwani hata tone dogo litaonekana hapo.