Tangi la Saruji Linapungua Maji: Jua Yanakotokea Kabla ya Kushika Mwiko

Mvua zikishakatika Mbeya, Iringa na Njombe, tangi la maji ya mvua ndilo linalobeba nyumba hadi Novemba. Likianza kupungua bila mtu kuchota, wengi humwita fundi apige niru (uji mzito wa saruji unaolainishwa juu ya plasta) ndani nzima. Saruji inaisha, pesa inaisha, na maji yanaendelea kupotea kwa sababu yalikuwa hayatoki ukutani. Jambo la kwanza ni kujua maji yanatokea wapi na kwa kasi gani.

Kupima ni rahisi. Zuia maji yote yanayoingia, funga koki ya kutoka, kisha saa 12 jioni piga alama ya penseli ukutani, pale maji yalipoishia. Rudi saa 12 asubuhi. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 3 hupoteza takriban lita 70 kwa kila sentimita 1 inayoshuka. La mstatili la mita 2 kwa 3 hupoteza lita 60. Kama tangi halina mfuniko, weka kando yake beseni la maji lenye alama, ili kile kilichokauka kwa jua na upepo usikihesabu kuwa mvujo. Tangi jipya, au lililokaa kavu muda mrefu, kwanza hunywa maji lenyewe. Lijaze, uliache siku kadhaa, ndipo upime.

Mabomba ndiyo mshukiwa wa kwanza. Geti vavu (koki ya gurudumu) iliyochakaa hufungwa lakini haifungi, hasa mchanga ukiwa umekaa kwenye kiti chake. Fungua kiungo kilicho mbele yake uangalie kama kuna tone. Choo cha ndani kinachopitisha maji taratibu nacho kinaweza kumaliza tangi lote, na mwenye nyumba akalaumu ukuta. Ukishaziba mdomo wa bomba la kutokea na maji yakaacha kushuka, tangi ni zima. Shida iko kwenye njia ya maji.

Yakiendelea kushuka, yaache yashuke, na kila asubuhi piga alama mpya. Kasi itapungua kidogo kidogo kadiri kina kinavyopungua, hilo ni la kawaida. Unachokitafuta ni mahali yanapogoma kabisa: mwanya uko kwenye usawa huo. Yakikauka mpaka chini, shuku sakafu, kona ya sakafu na ukuta, au bomba la chini. Hapo rudisha maji ya kina cha sentimita 10, yatulie, kisha dondosha rangi ya chakula taratibu kando ya kona na kuzunguka bomba. Penye mwanya utaona uzi wa rangi ukivutwa kwenda huko. Nje ya tangi, michirizi myeupe ya chokaa inaonyesha maji yanakopita au yalikowahi kupita. Ufa mwembamba kama unywele wakati mwingine hujiziba wenyewe kwa chokaa hiyo, kwa hiyo usikimbilie kuupasua.

Kabla ya kuziba, jiulize ufa umetoka wapi. Udongo mwepesi wa majivu ya volkano, kama ule wa Rungwe na Uporoto, hutitia chini ya tangi zito usiposhindiliwa vizuri. Mizizi ya mkaratusi hufuata unyevu. Tangi likiachwa tupu, saruji hukauka na kusinyaa, jua la mchana na baridi ya usiku vikamalizia kazi; bakiza maji angalau sentimita 30 kiangazi chote. Kujua kama ufa bado unatembea, paka kiraka chembamba cha niru juu yake na usubiri wiki mbili tatu. Kikikatika, kuziba kwa saruji tupu ni kazi bure.

Kwa ufa uliotulia, chimba kwa patasi mfereji wa sentimita 2 upana na 2 kina, urefu wote wa ufa, upitilize kidogo kila mwisho. Sugua kwa brashi ya waya, osha vumbi lote, lowanisha usiku kucha. Asubuhi paka uji wa saruji, na kabla haujakauka shindilia mchanganyiko mkavu-mkavu wa saruji 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa mto, uliooshwa. Wenye udongo ndio chanzo cha viraka vinavyobanduka. Ufa unaotembea unahitaji waya wa kuku upana wa sentimita 30, uliopigwa misumari juu yake, kisha plasta tabaka mbili. Kona ya sakafu izungushiwe plasta iliyolala mshazari, sentimita 7 hivi kila upande, kwa sababu hapo ndipo ukuta na sakafu huvutana.

Bomba la plastiki linalopita ukutani ni adui wa kudumu: saruji haishiki kitu laini. Litoe, likwaruze kwa msasa, lipake gundi ya bomba na ulinyunyizie mchanga mkavu gundi ikiwa mbichi, kisha ulirudishe. Afadhali zaidi ni bomba la chuma lenye bati lililochomelewa katikati ya unene wa ukuta.

Lami usipake ndani ya tangi la maji ya kunywa. Na asiingie mtu tangini peke yake: fungua mfuniko mapema hewa iingie, mwenzake akae juu na kamba, wala jenereta au pampu ya petroli isishushwe humo. Moshi wake unaua.

Kiraka kikishashika, kifunike kwa viroba vilivyolowa na ukimwagilie siku 7 bila kuacha. Pale Makete usiku wa Julai ukiwa na barafu, tandika pia majani makavu juu ya mfuniko. Jaza theluthi moja kwanza, yaache siku mbili, yamwage kwa sababu yana ukali wa saruji. Ukijaza tena, piga alama ile ile ya saa 12 jioni.