Barua kwa Mwanangu: Banda Lako la Mkomani

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu zako zimenifikia, nami nazirudisha pamoja na dua. Umeniuliza kama ukope fedha umlipe mchoraji wa huko Nairobi akutengenezee bango kubwa lenye picha za bidhaa zako zote, yaani mikoba ya kikoi, mito, vitambaa vya meza na aproni za leso, kwa ajili ya lile banda la mita tatu kwa tatu ulilokodi kwenye maonyesho ya Mkomani, hapa Mombasa. Usikope, na hata ungepewa bango hilo bure ningekushauri ulikatae.

Anayetembea maonyeshoni ana watoto wanaomvuta mkono, vipaza sauti vinampigia kelele kila upande, na upana wa banda lako ataumaliza kwa hatua nne au tano. Katika hatua hizo anatakiwa afahamu unauza nini, na bango lenye kila kitu halimwambii kitu. Chagua mikoba, maana ndiyo inayokutofautisha na wengine. Mito na vitambaa viwepo, ila ndani, avione yule aliyekwisha kuingia. Najua itakuuma kuvirudisha nyuma vitambaa ulivyovihangaikia mwaka mzima.

Kwa maandishi, jifunze kwa leso, ambayo nimeiuza Mtaa wa Biashara tangu hujazaliwa: pindo na mji, yaani nakshi ya katikati, humwita mtu kutoka mbali, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, ambalo ni sentensi moja tu, humngoja akaribie. Basi juu kabisa, kupita vichwa vya watu, andika “Mikoba ya Kikoi”, na jina la biashara yako lifuate chini kwa herufi ndogo zaidi, kwa kuwa wasiokujua hawalitafuti. Waandikaji wa mabango hukadiria kimo cha herufi cha sentimita mbili na nusu kwa kila mita tatu za umbali. Ukitaka usomwe kutoka mita kumi, herufi zisipungue sentimita tisa, tena ziwe za rangi nzito juu ya kitambaa cheupe.

Jambo ninaloliona likiharibu mabanda mengi ni meza kuwekwa mbele, kutoka nguzo hadi nguzo, kama kaunta ya duka. Meza hiyo ni ukuta. Mgeni husimama nje yake, akatazama kidogo, akaenda zake. Iweke ubavuni, ifunikwe kwa kitambaa kinachofika chini ili maboksi yajifiche, na mbele pabaki wazi. Wapangaji wa maonyesho hukadiria mita tano za mraba kwa kila mhudumu, nawe una tisa tu, kwa hiyo watu wawili wanatosha. Binamu zako wakitaka kusaidia waje kwa zamu, na asiwepo wa kukaa kitini akila au akitazama simu.

Mikoba itundike usawa wa kifua, mahali mkono unapofika bila kuomba ruhusa. Mmoja uache wazi bitana ionekane, na mwingine ujaze vitu ili ukubwa wake ujulikane. Kila mkoba uwe na bei iliyoandikwa, kwani wapo wengi wanaoona haya kuuliza na huondoka kimya. Namba ya M-Pesa ibandikwe pale pa kulipia, kwa tarakimu kubwa.

Maonyesho yetu kwa kawaida huangukia msimu wa kusi, na yale mabango ya kukunjuliwa yenye mguu mwembamba huangushwa na upepo mara moja. Afadhali kitambaa kilichofungwa kwenye chuma cha juu na kutiwa uzito chini. Uliza pia banda linaelekea wapi. Likiwa linatazama magharibi, jua la alasiri litapausha vikoi vya mbele, nawe itakubidi uvibadilishe kila siku. Ukihitaji taa, chukua nyeupe, kwa kuwa taa ya manjano huifanya samawati ionekane chafu.

Watakuja pia wanunuzi wa mahoteli ya Nyali na Diani, ambao hawataki mkoba mmoja bali bei ya jumla na muda wa kuletewa mzigo. Hao usiwape kipeperushi tu. Kwa ridhaa yao, kama inavyotakiwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019, andika daftarini jina, simu na wanachohitaji, kisha uwapigie kabla ya wiki kwisha.

Kabla ya kuja, chora mraba wa mita tatu kwa chaki uani kwako, upange kila kitu, kisha uupige picha ukiwa mbali. Nitumie picha hiyo pamoja na kimo cha nguzo za banda, kwa sababu fundi hapa Kibokoni amekubali kutuundia vyuma vya kutundikia, lakini hatakata hata kimoja bila vipimo.

Mamako