Barua kwa mwanangu: kujua siyo kusukuma

Mama, meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama Mungu alishajua tangu milele kwamba leo utachagua hiki na siyo kile, huo uhuru wako uko wapi. Nimelala na swali lako, likanipeleka kwa babu yako na ile habari ya koti, ambayo nyie mmeisikia kwa bibi tu.

Ilikuwa 1987, nina miaka 19, nimeamua kutoroka kihamba, shamba letu la ukoo, niende Mererani kuchimba tanzanite. Sikumwambia mtu. Saa kumi alfajiri natoka na viatu mkononi, nafika mlangoni nakuta komeo halijafungwa, komeo ambalo mzee alikuwa analifunga mwenyewe kila usiku hata kama mbege imemzidi. Na kwenye msumari limening'inia koti lake la kanisani, lile la kahawia. Baridi ile, nikalichukua. Gari limeshapita Boma Ng'ombe ndo naingiza mkono mfukoni nakuta nauli, imekunjwa ndani ya risiti ya kahawa. Nililia mpaka njia panda ya KIA.

Yaani alijua. Na mi kilichoniuma miaka yote ni hicho, alijua na hakunizuia, je shimo lingenifukia kule?

Lakini mwanangu kujua siyo kusukuma. Mchungaji mmoja aliyesoma Makumira, chuo chetu cha Kilutheri, alinihadithia habari za Boethius, Mroma wa miaka ya 520 huko, aliandika akiwa kifungoni anasubiri kuuawa, anasema Mungu hatangulii kuona kesho kama mganga, yeye anaiona jana na kesho kwa pamoja, kama wewe unavyomuona mtu anatembea barabarani, macho yako hayamtembezi. Soma na 1 Samweli 23. Daudi yuko mji wa Keila, anamkimbia Sauli, anamuuliza Bwana, Sauli atashuka? Atashuka. Watu wa hapa watanitoa kwake? Watakutoa. Basi Daudi akaondoka na watu wake kama 600, Sauli hakushuka, hakuna aliyetolewa! Mungu alijua hata jambo ambalo halikutokea, sasa hapo kalisukuma nani? Kujua siyo kusukuma, nakwambia.

Ila najua utanibana. Utasema babu alikuwa anakisia tu, Mungu hakosei, na tena ndiye aliyemuumba huyo kijana na tamaa zake na mawe ya Mererani. Hapo kweli nakwama. Na Luther mwenyewe mwaka 1525 alimjibu Erasmus, msomi aliyetetea uhuru wa utashi, kwamba kwenye habari ya wokovu utashi wetu umefungwa, na mi mzee wa kanisa la Kilutheri nasimama wapi? Mi naona... hapana, acha, sikuamulii, ingawa ulimi unaniwasha.

Nilirudi baada ya miezi tisa, sina hata jiwe moja, nimeshika jani la sale mkononi, la kuombea msamaha kwa mila yetu. Mzee akalipokea, akaniangalia juu mpaka chini, akauliza neno moja tu: koti langu liko wapi?

Nilikuwa nimeliuza ili nile. Sikuweza kumjibu, na hakuuliza tena mpaka tunamzika. Mpaka leo sijajua kama aliuliza kwa kuwa hajui, au aliuliza kama Adamu alivyoulizwa pale bustanini, uko wapi.

Krismasi unapanda lini? Bibi anauliza, ndizi zake za mtori anazihesabu.

Baba yako