Barazani kwa Bibi: Pensheni naila, na CCM naisema

Bibi ni mshona kofia na mwalimu wa chuo cha Kurani, Wete, Pemba. Anajibu barua za wasomaji.

SWALI: Bibi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mkoani, na CCM ndicho chama changu tangu niko skuli. Kila toleo nakusoma ukikisema chama chetu, na huku umeshaandika mwenyewe kuwa unapokea Pensheni Jamii. Bibi, kula cha mtu kisha ukamsema si kukosa shukurani? Na hasa CCM imekukosea nini? Nakuomba usinijibu kwa maneno ya mikutanoni. Nitajie.

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Umeuliza kwa adabu na umetaka nitaje, basi nitataja.

Pensheni ni kweli naipokea. Sikuajiriwa na Serikali hata siku moja. Tangu nina miaka kumi na tano kazi yangu ni sindano na uzi, na jioni watoto wa chuoni. Mwezi wa Aprili 2016, Dk. Ali Mohamed Shein akiwa Rais, Serikali ilipoanza kuwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 20,000 kila mwezi, fukara na tajiri, wa chama hiki na chama kile, nilisema hili ni jema. Leo nasema hivyo hivyo. Kofia moja ya viua hunichukua zaidi ya mwezi, na macho yangu hayatungi tena uzi mpaka nimwite mtoto anitungie. Thamani ya elfu ishirini naijua.

Lakini fedha ile haitoki CCM. Siku moja tumekaa foleni, kila mzee na kitambulisho chake mkononi, akapita kijana mmoja akitwambia tukumbuke nani anayetulisha. Mzee aliyekuwa mbele yangu, mkulima wa karafuu, akamgeukia akamuuliza: "Na karafuu zangu, mwanangu, miaka yote hii nilikuwa namlisha nani?" Kijana hakuelewa. Sisi wazee tulielewa. Tangu lianzishwe Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, mwaka 1968, mkulima hana mnunuzi mwengine wa halali, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya bei iliyopatikana ng'ambo ilibaki serikalini. Mwanamke wa Pemba aliyekaa juu ya jamvi usiku anachambua karafuu, vidole vimemgeuka rangi na makonyo yamemjaa mapajani, yeye ndiye aliyeilisha Hazina. Pensheni yangu imetoka huko, na kwenye ushuru wa sukari ninayonunua dukani. Namshukuru aliyelifikiria jambo lile. Ila anayenipa changu hawezi kuninyamazisha kwacho.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na CCM ulipo. Kimekaa na amana ya watu muda mrefu mpaka kinaiona mali yake.

Mimi ni mtu wa kale, mjukuu wangu. Wanaoniita mhafidhina nawaitikia. Naamini jambo tulilolikuta kwa wazee haliguswi mpaka waulizwe wenyewe, na anayetaka kulibadilisha ndiye mwenye kazi ya kueleza. Sasa angalia ardhi. Sheria ya mwaka 1992 inasema ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, na Rais amekabidhiwa aishike kwa matumizi na manufaa ya Wazanzibari. Aishike. Hilo ni neno la amana, na watoto wangu wa chuoni wanaijua Sura ya Nisaa, aya ya 58, kwamba Mwenyezi Mungu anatuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Tangu mwaka 2021 Serikali imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji. Wakubwa walijibu kuwa ni kukodisha, si kuuza, na kisheria hivyo ndivyo. Nasema na mimi: mkodisho wa miongo ya miaka humkuta mvuvi kijana na humwacha kaburini. Kwake yeye kisiwa kimekwenda.

Pengine wewe hukuwahi kwenda dago. Baba yangu alikwenda, na mimi nikiwa mdogo nilimfungia vyombo: madumu ya maji, unga wa muhogo, chumvi ya kutosha, kibiriti kilichotiwa ndani ya kopo kisirowe. Bamvua likiingia wanaondoka, wanafikia kwenye kisiwa kisicho mtu, tanga linashushwa linafanywa paa. Wanavua, wanapasua samaki, wanawatia chumvi, wanaanika juani, na maji mafu yakifika wanarudi na ng'onda. Sisi tulikuwa tunasikia harufu kabla dau halijagusa mchanga. Hapakuwa na hati wala uzio. Kila mtu alijua pa kufikia na pa kuchimba choo, na mti gani haukatwi. Hiyo pia ilikuwa sheria, na ilikuwa ya zamani kuliko vyama vyote tulivyonavyo. Ukimpa mtu kisiwa kama kile bila ya kukaa kwanza na wanaofikia pale, umeitangua sheria ile na hukuiweka nyengine ambayo mvuvi ana sauti ndani yake.

Usidhani nakataa kila mgeni na kila mpango. Kisiwa cha Misali hicho hapo, upande wetu wa magharibi. Wazee wanasimulia kuwa Nabii Hidhri alifika akaomba msala wa kusalia, usipatikane, akasema kisiwa chenyewe kielekeacho kibla ndicho msala wake. Ilishakuwapo mipango ya hoteli pale, na wavuvi hawakuitaka. Mwaka 1998 pakawekwa hifadhi. Waliwekwa kitako wavuvi wa dago, wakazungumza na masheikh wakazungumza, sehemu ya bahari ikafungwa kabisa isivuliwe na sehemu ikaachwa. Wapo walionung'unika, na wengine wananung'unika hadi leo, lakini waliulizwa. Na Serikali ya wakati ule ilikuwa ya CCM hiyo hiyo. Kwa hiyo nikisema wangeweza kuuliza, nasema kwa sababu nimewaona wakiuliza.

Jambo la pili ni kura, na hapa moyo wangu bado una jeraha. Tarehe 25 Oktoba 2015 nilitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, nikapiga kura, nikarudi kukaa na redio. Majimbo zaidi ya nusu yameshatangazwa, mara tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume akasema uchaguzi wote umefutwa. Utaniambia Tume si CCM. Sawa. Lakini chama kilichotunga sheria za uchaguzi kwa mikono yake kilikuwa na wajibu wa kuwa wa kwanza kuuliza: ni kifungu gani kinachomruhusu? Kilishangilia. Tarehe 20 Machi 2016 ikapigwa kura ya marudio, sisi wapinzani, wakati ule tukiwa CUF na leo ACT-Wazalendo, tukasusa, na Baraza la Wawakilishi likakaa bila ya watu wetu. Ndani ya Baraza lile ndimo ilimopita Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2018 iliyoleta kura ya mapema, na mwaka 2020 askari na watendaji wa uchaguzi wakapiga yao tarehe 27 Oktoba, sisi wengine tarehe 28. Kususa kwetu kulikuwa na sababu, lakini tuliiacha milango wazi, na hilo viongozi wetu sikuwaficha nilipopata nafasi ya kusema nao. Ila aliyekuta milango wazi akaingia kubadilisha siku ya kura ya watu wote peke yake, yeye ana lake la kujibu. Mimi nataka kura ya siku moja, foleni moja, nimwone askari na askari anione.

La tatu nitakupa kwa ufupi kwa sababu limo ndani ya nyumba yangu. Mjukuu wangu alitimiza miaka kumi na minane, akaenda kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa wetu, kutaka fomu ya kitambulisho cha Mzanzibari. Bila ya kitambulisho hicho huandikishwi kupiga kura. Akaambiwa njoo kesho. Akaenda mara nne. Mara ya tano nikaenda naye mimi, na cheti chake cha kuzaliwa, na kadi yake ya kliniki niliyoihifadhi ndani ya msahafu tangu anachanjwa surua. Sheha, mtu ninayemjua tangu anatambaa, alikuwa kakaa na daftari lake mapajani, mkono kauweka juu ya jalada. Hakulifungua. Akaniambia: "Bibi, mtoto huyu simtambui." Mtoto amezaliwa hatua mia moja kutoka baraza ile. Sikubishana naye, nilimtazama tu mpaka akainamisha macho. Sitotaja shehia, maana na yeye ana watoto. Baadaye mjukuu wangu alipata kitambulisho, uandikishaji ukiwa umeshapita. Sheha huteuliwa, hachaguliwi. Akiteuliwa ili awatambue watu wa shehia yake, naye akawatambua wa upande mmoja, basi daftari lile nalo limeshageuzwa mali ya chama.

Hayo ndiyo yangu. Kama kuna niliposema uongo, niandikie mahala penyewe, nami nitakuchapishia.

SWALI: Bi Mkubwa, salamu kutoka Makunduchi. Nyinyi ACT-Wazalendo mkitaka mnaingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, mkitaka mnasusa. Mtu anayekaa serikalini pamoja nasi anawezaje wakati huo huo kutulaumu?

JIBU: Mwanangu, Serikali ya Umoja si mwaliko wa CCM. Rais Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wetu, walikutana Novemba 2009, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakaulizwa kwa kura ya maoni. Asilimia 66.4 tukasema ndiyo, na nyinyi wa Makunduchi na sisi wa Wete tumo ndani ya hesabu ile. Imo kwenye Katiba. Disemba 2020 Maalim aliingia tena, mwili umeshadhoofu, na wapo vijana wetu waliolia kwa hasira siku ile. Mimi niliona sawa. Aliyeko ndani ya nyumba ndiye anayeliona paa linavuja, na akilisema hajaihama nyumba. Kuhusu kususa, nimeshalisema hapo juu, na silirudii.

SWALI: Assalamu alaykum Bibi. Niko Micheweni, mpinzani kama wewe. Jirani yangu, kiongozi wa tawi la CCM, kafiwa na mama yake. Wenzangu wa barazani wanasema tusiende, kwa sababu wakati wa kampeni alitutaja majina polisi. Maziko yamepita sikwenda. Sasa watu wa nyumba ile wakipita hawanisalimu, na usiku silali vizuri. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Nitakwambia nisilowahi kumwambia mtu.

Baada ya uchaguzi wa 1995, ule uliotangazwa kwa asilimia 50.2 na 49.8, Pemba tuligawana mpaka kwenye mazishi. Maduka mengine yaliacha kuwauzia watu wa CCM, na watu walihama msikiti. Tulijiona tunatetea haki, na haki yenyewe ilikuwa na sisi. Mwaka 1996 nyumba ya mbele yangu, watu wa CCM, walifiwa na mtoto wa kike wa miaka sita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, kofia mkononi na sindano imo ndani ya tundu. Nilimsikia mama yake. Jeneza lilitoka na watu wanne, wote ndugu, hakuna wa kuwapokea bega, na njia ya makaburini pale ina mlima. Sikufungua mlango. Nilimaliza kiua kile, na nilipokitazama siku ya pili kilikuwa kimekwenda upande, nikakifumua.

Hakuna aliyenilazimisha. Chama hakikuniagiza. Na yule mtoto alikuwa akija chuoni kwangu, kashafika Alam Nashrah.

Miaka tisa baadaye mume wangu alifariki usiku. Kabla hakujapambazuka, kabla wa chama changu hawajafika, mlango ulibishwa. Alikuwa ni yule mama, na ndoo mbili za maji ya kumkoshea maiti, kwa sababu alijua bomba langu halitoi asubuhi. Akaziweka chini, akauliza sufuria kubwa iko wapi, akawasha moto.

Nilipokaa eda alikuja kila siku. Hakulitaja la mwaka 1996 hata mara moja, na mimi sikuwa na ulimi wa kulitaja. Nililitaja mwaka jana, tukiwa tumekaa tunachagua mchele. Alisema, "Nilikuona miguu yako chini ya mlango." Kisha akaendelea kuchagua mchele.

Kuhusu majina polisi, hilo ni dhuluma, na ukiwa na ushahidi lipeleke kunakohusika, lisimamie bila ya woga. Ni jambo la peke yake. Mama wa watu kafa. Ukiisoma barua hii arubaini haijafika. Chukua mchele, mpe mkeo khanga ajifunge, mwende nyote wawili mchana watu wakiwaona. Wenzako wa barazani wakikuuliza, waambie Bibi wa Wete ndiye aliyekutuma.