Barua kwa mwanangu: ulichoniuliza kuhusu bakora

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nikamwambia mamako azime redio. Kidole gumba changu hakiwezi maneno mengi kwenye simu, kwa hivyo naandika kwa kalamu, mdogo wako ataipiga picha akutumie. Ukiona doa la mafuta, ni sambusa.

Umeniambia kuwa kwenye mafunzo ya kazi yako mpya, hiyo ya kuzunguka skuli na shehia kuzungumza na vijana kuhusu ukatili, mliambiwa mkae kimya mkumbuke nani aliyewafunza mwanzo kuwa mtu hupigwa. Ukamkumbuka babako. Si kwa ya nyumbani, umesema, bali kwa kuwa ulisoma skuli niliyofundisha na ukiniona kila asubuhi nimesimama mbele ya mstari na bakora. Ndipo ukaniuliza: "Baba, miaka yote ile, bakora ilisaidia?"

Kunyamazisha, ilinyamazisha. Kuzuia ugomvi, sikumbuki hata mmoja ilioukomesha. Na upo mmoja iliouzaa, huo nautaja kwa kirefu kwa sababu sijapata kumweleza mtu.

Ulikuwa msimu wa karafuu, wewe bado hujaanza skuli. Watoto wawili wa darasa la sita walikuwa wakichambua usiku kwa mtu mmoja, kulipwa kwa pishi. Mmoja akamtuhumu mwenzake kuwa kamchotea nusu pishi alipokwenda kunywa maji. Nusu pishi, mwanangu. Siku ya pili saa ya mapumziko wakakamatana nyuma ya choo. Nilipofika, nusu ya skuli imewazunguka duara, wanapiga makofi. Niliwatenganisha, na asubuhi yake nikawatoa mbele ya mstari, bakora nne nne. Mmoja alilia. Mwengine hakulia. Watoto wakamcheka aliyelia, na mimi nikawaacha wacheke. Niliona ni sehemu ya dawa.

Siku tatu baadaye yule aliyelia akamsubiri mwenzake njia panda, kwenye mkorosho, na mchi alioutoa jikoni kwao. Akamvunja mkono. Nilipokwenda kwao kumuuliza kwa nini, nilitarajia nitasikia habari za karafuu. Aliniambia neno moja tu: "Mwalimu, yeye hakulia."

Ugomvi wa nusu pishi ulikuwa umeshakufa zamani. Uliovunja mkono ni ule nilioupanda mimi kwenye mstari.

Lakini nisijifanye kuwa siku ile ndiyo nilifunguka macho. Bakora niliendelea nayo miaka mingi. Katikati ya miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ilipoanzisha skuli za majaribio za adhabu mbadala, sisi wa skuli nyengine tulicheka, tukiwaita wenzetu walimu wa kubembeleza. Halafu yakaja matokeo ya ule utafiti wa Tanzania nzima, bara na visiwani, uliofanywa 2009 na kutangazwa 2011: karibu robo tatu ya vijana, wake kwa waume, walisema walipigwa kabla ya kutimia miaka 18, na walimu wamo kati ya waliotajwa. Mwalimu mkuu alitusomea ofisini. Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema, "Hiyo robo iliyobaki walikuwa watoro."

Sasa nikupe ya juzi. Ulinisimulia zoezi la vijana wa Chicago, wale wa programu ya Becoming a Man: wawili wawili, mmoja anakamata mpira mdogo kiganjani, mwenzake anapewa sekunde thelathini kuutoa. Wote wakavutana na kugaragazana, na mwalimu akawauliza kwa nini hakuna aliyeomba tu. Ukasema watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapima vijana hao, na kukamatwa kwa makosa ya kupiga watu kukapungua karibu nusu walipokuwa ndani ya programu, ila walipotoka tofauti ile haikuendelea kuonekana. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niamini la mwanzo. Anayeuza dawa hakwambii kuwa ukiiacha maradhi hurudi.

Basi nikalijaribu barazani. Unawajua wale vijana wanaokuja baada ya laasiri kwa hisabati, sita au saba. Sikuwa na mpira, nikachukua ndimu. Yaliyotokea ni kama ulivyosema: jamvi likakunjika, chupa ya chai ya mamako ikaanguka (haikuvunjika, lakini nililipia kwa maneno), na ndimu ikapasuka mkononi mwa mtu. Nikauliza kama mwalimu wako, "Mbona hukumuomba?" Nikangojea anijibu kuwa asingempa, halafu mwenye ndimu aseme angempa, ni ndimu tu. Sivyo. Mwenye ndimu alisema, "Hata angeniomba nisingempa, Babu. Mbele ya hawa?"

Jibu lile lilinikera usiku kucha, kama mtu aliyekalia chawa. Kesho yake nikawaita wale wale wawili ukumbini, nikafunga mlango, nikatoa ndimu nyengine. Yule akakuna kichwa, akasema, "Nipe basi." Akapewa. Haikufika sekunde tano.

Hapo nikaurudia mstari wa skuli. Vijana wetu hawapigani na mtu aliye mbele yao, wanapigana na macho yaliyo pembeni. Nami nilikuwa nikiyakusanya macho mia nne, nikayapanga kwa urefu, halafu nikamdhalilisha mtoto mbele yake na kumwambia asiwe mgomvi. Kwa hivyo ukifika skuli usianze na wale wawili. Anza na duara. Yule anayepiga makofi, yule anayechukua video, yule anayebeba maneno kutoka darasa hili kwenda lile, hao hukuta ugomvi mbichi wakaupika. Na wenye ugomvi waitwe mbali, mmoja mmoja, nyuma ya nyumba ya mtu wanayemheshimu, si ofisini ambako mlango una dirisha la kioo.

Utaniambia, na Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi kule Unguja? Si wanapigana mchana kweupe, watu wa nje wanapiga picha? Kweli. Lakini wanapigana kwa migomba, na jua likishuka hakuna anayehesabiwa kashindwa. Nitajie kijiwe kimoja ambako mtu hupigana hivyo.

Jengine ni la siasa, nalo nalipitia upesi kwa kuwa unalijua kwa kuzaliwa. Baada ya Januari 27, 2001, watu walipouawa kwa risasi kwenye maandamano ya kupinga uchaguzi wa 2000 na zaidi ya elfu mbili wakavuka kwenda Shimoni, Kenya, darasani kwangu kulikuwa na benchi zilizogawika kwa vyama vya siasa vya wazee wao. Toka uchaguzi wa 1995 watu walikuwa wanasusiana, duka hili halimuuzii huyu, maiti wa yule hazikwi na hawa. Watoto wakacheza mchezo wa askari na waandamanaji, na hakuna aliyetaka kuwa askari, kwa hivyo walilazimisha wadogo. Muafaka wa CCM na CUF ulitiwa saini Oktoba mwaka ule ule, lakini benchi zangu hazikuchanganyika siku ile wala mwezi ule. Mradi wako ukikwambia mkutane na vijana skuli tu, waambie watafute pesa ya kukaa maskani, kwenye vibaraza vya watu wa vyama. Mwaka wa uchaguzi mtoto harithi ugomvi darasani, huupata barazani magharibi, kwa mtu mzima anayemnunulia soda.

Sasa lililo zito. Nilitaka kuliacha, mamako amenikataza kuliacha.

Haya niliyokwambia, kuuondoa ugomvi mbele ya watu, kukaa faragha, kusuluhisha, ni mazuri kwa ugomvi wa wenza. Usije ukayapeleka kwenye udhalilishaji, yaani mtu kumwingilia mtoto. Mwaka mmoja, skuli hiyo hiyo, mwanafunzi wa kike wa kidato cha kwanza alianza kusinzia darasani, halafu akawa haji Jumatatu. Mwalimu wa kike akapata kujua: alikuwa akimdhalilisha mtu mzima, wa ukoo wa yule mtoto. Wazee wakaitana. Niliitwa nami kwa kuwa ni mwalimu na ni jamaa kwa mbali. Tulikaa kwenye nyumba nzuri, tukaletewa kahawa na halua. Neno lililosemwa usiku ule kuliko yote ni muhali, kuoneana haya kwa ajili ya udugu. Fulani ni muhali kumpeleka polisi, mamake ni mgonjwa. Fulani ni muhali, aliwasomesha watoto wa kaka yake. Mwisho yule mtu akaomba radhi, si kwa mtoto, kwa wazee. Tukasoma fatiha. Mimi nilisema amin, mwanangu, na halua nilikula.

Yule mtoto hakurudi skuli. Hakuna aliyemuuliza katika kikao kile, hata mimi niliyekuwa namsahihishia daftari.

Kwa hivyo kabla hujakaa na watu, jiulize kwanza: hawa ni wawili wenye nguvu sawa waliokosana, au mmoja ana nguvu na mwengine hana pa kukimbilia? Wa kwanza wafungie mlango wazungumze. Wa pili fungua mlango, mpeleke mtoto hospitali, kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri wako pamoja, mapema, kabla hajakogeshwa na kubadilishwa nguo, maana watu wetu hilo ndilo wanalolikimbilia kwanza. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 ipo, waliosomea wataijua zaidi yangu. Wewe jua kuwa siku hiyo utapigiwa simu na watu unaowaita mjomba na shangazi, na watakwambia kwa sauti ya upole kabisa kuwa ni muhali. Huenda na mimi nikakupigia. Ukisikia ni mimi, kata simu.

Umeuliza pia kama nakuonea haya kukaa na vijana wa vijiweni, maana shangazi yako amesema utaharibu jina. Sikuonei. Ila usiwaite wahuni hata mkiwa ofisini peke yenu, kwa sababu litakutoka siku moja barabarani.

Bakora, kama unataka kujua iko wapi, mamako anafukuzia kuku.

Yule aliyevunjwa mkono, asiyelia, sasa anaendesha daladala ya Wete na Chake. Mkono wa kushoto haunyooki sawasawa, akikunja kona ya kulia huushika usukani kwa kiganja kimoja, na mimi hukaa kiti cha nyuma yake nikauona. Kila nikipanda ananiambia, "Shikamoo mwalimu," na nauli haichukui. Nimemlazimisha mara ngapi. Sijapata kumtajia habari ya mstari, miaka ishirini na ushei. Ukija mwezi ujao tutapanda gari yake kwenda kwa bibi yako Chake, na nitakaa kiti cha mbele.

Babako