Tuanze na Mtumbwi au Matembezi?

SWALI: Mhariri, familia yangu itakaa siku tatu kando ya ziwa lililozungukwa na vilima, nasi tungependa kupiga kasia, kuogelea na kutembea ufuoni. Tuanze na lipi?

JIBU: Anzeni na mtumbwi, tena asubuhi na mapema. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji; hewa iliyo juu yake hupaa, na ile ya ubaridi iliyo juu ya ziwa huvuma kuelekea ufuoni kuchukua nafasi yake, ndiyo maana ziwa lililotulia kama kioo alfajiri huweza kuchafuka kwa mawimbi ifikapo alasiri. Mimi ningeutengea mtumbwi asubuhi zote tatu.

Kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha, hata bingwa wa kuogelea, kwa sababu maji ya baridi humkata mtu pumzi ghafla, na katika dakika hiyo ya kwanza umahiri wake haumfai sana. Mtumbwi ukipinduka, ushikilieni badala ya kukimbilia nchi kavu, kwani aghalabu huendelea kuelea na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Kuhusu kuogelea, msidanganywe na uvuguvugu wa juu: maji ya baridi ni mazito zaidi, hivyo hutuama chini. Waulizeni wenyeji pia kuhusu kichocho kabla ya kuingia.

Matembezi yabaki alasiri, upepo ukiwapepea.